Ukurasa Usio na Neno

Duane Prochnow alizaliwa kutoa alama. Supu ya mama mkwe wake aliipa sita, mbele ya mama mkwe mwenyewe. Mahubiri ya Pasaka aliyapa nne. Siku Corinne, mwanawe wa pekee, alipozaliwa, alimtazama ndani ya shuka akasema, "Tisa," na mkewe Bernadette akakaa na ile tisa moyoni miaka nenda miaka rudi. Hata walipozeeka alikuwa bado anaitaja kila Ijumaa wakila samaki. "Kumi haitolewi ovyo," Duane alijitetea. "Ukishaitoa, kesho utatoa nini?"

Maishani mwake aliitoa mara moja tu, tena hakumpa mtu. Aliipa katuni.

Katuni zake zilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, upande wa kusini wa mji wa Milwaukee, Marekani, ndani ya makasha marefu yaliyopangwa mbali na mabomba ya maji. Kila moja ilikuwa na mfuko wake wa nailoni na kadi ngumu nyuma ya kuizuia isipinde. Zilikuwa za mashujaa, wale wanaume wazima wanaovaa chupi juu ya suruali na kuruka maghorofa, na Duane alianza kuzinunua kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Hakuna aliyezigusa bila kunawa mikono. Rafiki yake Emmett Zielke aliwahi kushika moja vidole vikiwa na mafuta ya soseji, na habari hiyo ilisimuliwa mpaka kwenye harusi ya Emmett, bibi harusi akisikia.

Kisha sukari ikamla Duane macho. Lilitangulia la kushoto, la kulia likafuata, mwisho akabaki kuona mwanga wa dirisha tu. Bernadette akawa ndiye macho yake. Mwezi wa Aprili Bernadette naye akafariki hospitalini, wakati Duane ameshikwa mkono na muuguzi wameshuka kutafuta kahawa. Aliporudishwa juu, mambo yalikuwa yamekwisha.

Corinne alikuwa anafanya kazi Madison, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, tena ana watoto wawili wa kulea. Baada ya mazishi alimkabidhi Emmett ufunguo wa mlango wa mbele. "Anko Emmett, nakuachia baba yangu," alisema. Emmett alikuwa mpeleka barua mstaafu wa posta, mke alishamkimbia zamani, na Jumapili zake zilikuwa tupu. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili.

Jumapili ya kwanza walipoketi, Duane hakutaka mazungumzo ya kumfariji. "Shuka chini," alisema. "Niletee Mpiga Kengele, namba arobaini na nane. Utanisomea na kunieleza picha, halafu tutaipa alama upya. Tutazipitia zote hivyo. Nataka kujua zipi zilikuwa nzuri kweli na zipi nilizipenda kwa sababu nilikuwa mtoto."

Emmett hakuuliza kwa nini waanze na hiyo. Ndiyo iliyopewa kumi.

Mpiga Kengele, kwa asiyemjua, mchana ni fundi wa lifti na usiku ni shujaa. Akigonganisha ngumi zake hutoka mlio wa kupasua kuta. Katika namba arobaini na nane mkewe Odile amelazwa hospitalini, na yeye amezuia bwawa lisipasuke na kuumeza mji. Anamaliza kazi alfajiri, anakimbia hospitalini akiwa bado na tope. Emmett alisoma vizuri, na sauti za watu akaigiza. Kisha akafunua ukurasa wa kumi na tisa.

Ukurasa ule hauna neno hata moja. Una visanduku vinne vya picha: mlango, kitanda kilichotandikwa, viatu vya Odile chini ya kiti, na mgongo wa shujaa dirishani.

Emmett aliinua macho. Duane alikuwa ameketi mbele yake, mikono katikati ya magoti, vifungo vya shati vimepishana kwa sababu hakuna aliyemwambia.

"Enhe?" Duane akasema. "Anafungua mlango. Halafu?"

"Halafu anaingia. Odile ameketi kitandani, anakunywa maji."

"Ameketi?"

"Ameketi. Anamcheka kwa lile tope."

Duane alikunja uso. "Emmett, hapo Odile anakufa. Kitanda kimetandikwa."

Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo, na Emmett angeweza kuifupisha palepale. Angesema, samahani bwana, nimeshindwa, roho imeniuma. Wangelia pamoja, na wangemaliza. Badala yake alisema, "Umechanganya. Hiyo ni nyingine."

"Nimechanganya?"

"Umri, ndugu yangu. Tunachanganya sote."

Kurasa mbili zilizobaki akazitunga kichwani, akafunga. Ukafika wakati wa Duane kutoa alama. "Saba," alisema. "Tena naipendelea. Sijui nilikuwa na akili gani nilipoipa kumi." Emmett alibandika karatasi ndogo nyuma ya mfuko, akaandika saba, na moyoni akajiambia kwamba ametenda wema.

Shida ya kumfufua marehemu ni kwamba sharti umlishe. Odile alizikwa katika namba arobaini na tisa, kwa wino na karatasi, mvua ikinyesha na mashujaa wote wameinamisha vichwa. Sasa Emmett hakuwa na jinsi ya kumzika. Ikabidi katika kila toleo lililofuata amtafutie Odile cha kufanya. Akamfungulia duka la mikate. Akampa ulimi mkali. Adui alipovamia mji, Odile wa Emmett alimrushia trei la moto na kumwambia apanguse miguu kwanza, maneno ambayo Bernadette alikuwa akiwaambia wao wawili kila walipoingia na theluji. Duane alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa amecheka hivyo tangu Aprili.

"Tisa," alisema akipangusa macho. "Hii ni tisa bila ubishi. Lakini bwana, siikumbuki kabisa."

"Umri," Emmett akasema.

Na hapa lazima ukweli usemwe, maana mtu akisimuliwa kwa huruma tupu hatakuwa amesimuliwa. Kama ingekuwa ni kumwonea mwenzake uchungu peke yake, Emmett angeacha baada ya wiki chache. Hakuacha kwa sababu aliipenda ile tisa. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa aliwahi kutunga hadithi ya shujaa wake mwenyewe, akaipeleka kwa Duane, na Duane akaisoma amesimama, akamrudishia na kusema, "Mbili." Emmett akaenda posta kubeba barua za watu wengine miaka yake yote. Leo, mzee wa miaka sabini, Duane yuleyule alikuwa anampa tisa Jumapili hadi Jumapili bila kujua anampa nani. Emmett alikuwa akirudi nyumbani kwake anapiga mluzi njia nzima.

Wakati huohuo Duane alikuwa anapungua, na Emmett aliyaona yote bila kuyatazama. Miezi ya kwanza Duane, kipofu vilevile, alikuwa anamkaangia mayai na vitunguu kila Jumapili, anapima moto kwa sikio na kugeuza yai kwa harufu. Ilipofika Oktoba akaacha, wakawa wanakula mkate na jibini baridi. "Uvivu umenipata," alisema, na Emmett akamtania kwamba amekuwa bwana mkubwa. Duane pia aliacha kubishana. Mtu aliyekuwa akijua jina la kila mchoraji, na nani alipaka wino juu ya penseli ya nani, sasa alisikiliza kimya, na akiulizwa alisema, "Nitajuaje mimi? Wewe ndiye unayeona."

Januari, Corinne alikuja na boksi la samaki wa Ijumaa, viazi na kabichi. Baba yake akiwa amejilaza, alimvuta Emmett jikoni na kurudishia mlango.

"Anko, nataka uniambie ukweli. Baba anasahau, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe." Corinne alikuwa anakunja kitambaa cha mezani na kukikunjua. "Kanipigia simu usiku analia. Baba, analia. Anasema macho yalipoondoka hakuogopa, kwa sababu katuni zake zote alikuwa nazo kichwani, kisanduku kwa kisanduku, alikuwa anazisoma kitandani gizani. Sasa anasema ukimsomea, hakuna hata moja iliyo kama anavyoikumbuka. Watu aliojua wamekufa wako hai. Anasema kichwa chake kimekuwa kinamtungia mambo."

Emmett alishika ukingo wa beseni la vyombo.

"Hawashi jiko tena, unajua?" Corinne aliendelea. "Anaogopa atalisahau. Vidonge anahesabu, halafu anahesabu tena, halafu anavirudisha kwenye chupa hamezi. Nimemwambia twende tukapime, hataki, anasema majibu anayo. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwangu. Jumatatu namchukua. Nyumba hii tutaiuza, na makasha yale mwenye duka la katuni atakuja kuyachukua. Baba mwenyewe kasema yauzwe, hayana maana tena kwake." Alimtazama usoni. "Lakini wewe ndiye unayekaa naye kila wiki. Ukiniambia yuko sawa, nitasubiri. Umeona anasahau?"

Nafasi ilikuwa hiyo, imewekwa mbele yake kwenye sahani. Emmett alifungua kinywa. Alimwona Corinne na macho yake mekundu, akaona jinsi yale macho yatakavyobadilika akishaambiwa, na woga ukamkamata.

"Kidogo," alisema.

Corinne akaitikia kwa kichwa, akamshika bega. "Asante, Anko. Bila wewe sijui ningefanyaje."

Kama kuna neno linaloweza kumchoma mtu kuliko tusi, ni asante asiyostahili. Emmett aliondoka bila kumaliza samaki wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema yule anayekula anajisikiaje akiitwa Anko na kushikwa bega. Jumamosi yote alizunguka ndani ya nyumba yake. Alijaribu kujitetea kwa huruma, ikakataa. Alijaribu kwa umri, na hilo neno likamtia kichefuchefu. Alikuwa amempora kipofu kitu pekee ambacho ugonjwa ulimwachia, na alikuwa amekipora kidogo kidogo, akipewa alama.

Jumapili alifungua mlango kwa ufunguo wake, kama kawaida. Makasha yalikuwa yamekwishapandishwa sebuleni na kufungwa kwa utepe wa gundi. Duane alikuwa kwenye kiti chake, amevaa koti ndani ya nyumba.

"Umekuja kuniaga," alisema. "Keti. Leo hatusomi, nimeshachoka nazo."

"Tunasoma moja." Emmett alinawa mikono, akaikausha vizuri, akakata utepe kwa kisu na kuitoa namba arobaini na nane.

"Ipi hiyo?"

"Ile ya kumi."

"Ya saba," Duane alimsahihisha kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko ngumi.

Emmett alisoma. Hakuigiza sauti yoyote. Alisoma bwawa, alisoma tope, alisoma alfajiri, akafika ukurasa wa kumi na tisa.

"Huu hauna maneno," alisema. "Kisanduku cha kwanza, anafungua mlango. Cha pili." Akapumua. "Cha pili, kitanda kimetandikwa."

Saa ya ukutani ilisikika, na lori la kusukuma theluji likapita nje.

"Cha tatu," Emmett alisema, "viatu vya Odile viko chini ya kiti."

"Kimoja kimelala ubavu," Duane alisema.

Emmett alitazama. Alikuwa ameuona ukurasa ule mara nyingi tangu utoto wake, na hakuwa amewahi kukiona. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelala ubavu.

"Ndiyo," alisema. "Kimelala."

"Na dirishani kuna kunguru mmoja juu ya waya. Mchoraji kamweka mbali sana, kama nukta."

"Yupo."

Duane alivua koti taratibu, akaliweka mapajani. "Kwa hiyo sikuchanganya."

"Hukuchanganya."

"Na Odile wa mikate? Na lile trei?"

"Nilitunga mimi. Zote zile nilitunga mimi, Duane. Wewe hukusahau hata moja."

Uso wa Duane ulifunguka kwanza, na Emmett aliuona uso wa kijana aliyemjua, furaha tupu, machozi yanashuka na wala hayafutwi. "Ninazo," Duane alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Bado ninazo zote." Alizitaja mbili tatu, kisanduku kwa kisanduku, haraka, akizijaribu kama mtu anayepapasa mifuko baada ya kuibiwa. Kisha uso ukafungika.

"Nilikuwa nalala nashika kichwa," alisema. "Unajua? Nashika hivi, kwa mikono miwili, kama kitamwagika."

"Siku ile ya kwanza nilikuonea huruma. Bernadette alikuwa hajamaliza mwezi kaburini. Nilishindwa kukwambia kitanda kimetandikwa."

"Siku ya kwanza. Na za baada yake?"

Emmett alijua kwamba akidanganya sasa, hata kwa kunyamaza, hatasimama tena. "Za baada yake nilipenda alama zako."

Duane aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakupiga kelele, na Emmett alitamani apige.

"Mimi niliitaka namba arobaini na nane makusudi, bwana wewe," Duane alisema. "Unadhani niliisahau ilivyo? Nilishuka kutafuta kahawa, Emmett. Nimerudi juu, hakuna anayeniambia kilicho mbele yangu. Muuguzi ananiambia amepumzika. Padri ananiambia amepumzika. Corinne ananishika mkono. Mimi sioni. Nilitaka mtu mmoja, mmoja tu, aketi mbele yangu aniambie kitanda kimetandikwa. Nikasema huyo atakuwa Emmett."

Emmett alilia kwa kificho, kisha akakumbuka kwamba mwenzake anasikia kila kitu, akaacha kuficha.

"Mpigie Corinne," Duane alisema. "Kwa mdomo wako. Weka sauti ya juu nisikie."

Alipiga. Alimweleza Corinne yote, tangu ukurasa wa kumi na tisa mpaka ile "kidogo" aliyoisema jikoni. Mwishowe Corinne akasema, "Baba yupo hapo? Baba, nakuja Jumatatu kama nilivyosema. Nakuja kula tu." Kisha akasema, "Anko," akasita. "Bwana Zielke, naomba unipishe niongee na baba yangu."

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. Emmett aliweka simu mkononi mwa Duane, akaenda kusimama ukumbini mpaka mazungumzo yakaisha. Aliporudi, Duane alikuwa ameipapasa katuni na kuirudisha ndani ya mfuko wake bila msaada, kadi nyuma, mdomo wa nailoni umekunjwa sawasawa. Kile kibandiko cha saba alikuwa amekibandua, amekivingirisha kwa vidole kikawa kama punje.

"Ufunguo uache hapo mezani," alisema.

Emmett aliutoa kwenye mnyororo wake. Ulikuwa umebana, akahangaika nao, na Duane akasubiri. Aliuweka juu ya meza kwa sauti, ili mwenzake ajue umewekwa. Akachukua kofia. Alikuwa amefika mlangoni Duane aliposema tena, bila kugeuza kichwa.

"Jumapili ukija, piga kengele kama wageni wengine. Nikitaka kufungua, nitafungua."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumapili Emmett alipanda ngazi za mbele, akapangusa miguu mara mbili kwenye mkeka, na akatafuta kitufe cha kengele. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kukibonyeza. Kililia ndani kwa mlio mdogo, wa kizee. Hakuna aliyekuja.

Kupitia mlango alisikia mafuta yakilia kwenye kikaango, na vitunguu vikanukia mpaka nje kwenye theluji. Alisikia sahani ikiwekwa mezani. Akatega sikio kusikia kama kutafuata ya pili, lakini hakuweza kujua. Alivua kofia, akangoja.